Mwaka Nilipomkatia Simu Mtani

Niliogopa simu. Naandika hili kwa mara ya kwanza, baada ya kulikana kwa miaka mingi mbele ya watu wengi, pamoja na darasa zima la wanafunzi wa utangazaji walionialika niwaeleze jinsi nilivyoyapokea mabadiliko kazini nikiwa kijana. Niliwaeleza. Nilikunja miguu, nikanywa maji yao ya chupa, nikasema kwamba mabadiliko ni mgeni tu, unamfungulia mlango kabla hajabisha. Waliandika. Ukweli ni kwamba mgeni alipobisha mimi nilikuwa chini ya meza. Sitii chumvi. Nilikuwa chini ya meza ya studio, nimepiga magoti, najifanya natafuta kifuniko cha kalamu, na juu ya kichwa changu simu inalia huku fundi mitambo akinitazama kupitia kioo kama mtu anayetazama mbuzi aliyeingia msikitini.

Mwezi uliopita tulimzika Bi Sikudhani, mtangazaji mwenzangu wa miaka hiyo, kule Mwembesongo. Msiba ulijaa. Mtani wake mmoja, mzee mwenye kanzu na viatu vya mpira, alikuwa amekaa juu ya kifuniko cha sufuria la wali, akisema hakuna atakayekula mpaka marehemu amrudishie chanuo alilomwazima. Wafiwa walikuwa wanamsihi na kucheka, wanacheka na kulia. Nilikuwa najipenyeza nyuma ya wanawake nipate pa kukaa aliponiona. Alinitazama kwa muda, kisha akanyanyua kidole. "Huyu si ndiye aliyemkatia mtani simu?" Mkeka mzima uligeuka. Wengine hawakuwa wamezaliwa mwaka ule, lakini nao waligeuka, maana kumbe kisa kimekuwa kikisimuliwa. Nilitaka kusema amenifananisha. Badala yake nilisikia sauti yangu ikisema, "Ndiye mimi, baba. Shikamoo." Akaitikia marahaba, akashuka kwenye kifuniko, na wali ukapakuliwa.

Kituo chetu cha redio kilikuwa nyumba ya kupanga pale mjini, na chumba nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha nyuma, chumba cha kadi. Kilikuwa na meza moja ndefu, viti viwili, jiko la mafuta la kuchemshia chai, na magunia. Ndani ya magunia mlikuwa na kadi za salamu. Aliyezaliwa juzi huenda hajui: msikilizaji alinunua kadi dukani, akaandika jina lake, jina lake la utani, mahali alipo, watu anaowasalimu na ujumbe wake, akamkabidhi kondakta wa basi au mtu yeyote anayeshuka mjini, nasi tukaisoma hewani. Dirisha la chumba lilitazama Uluguru. Nasema lilitazama, ingawa siku nyingi nilihisi ni mlima unaotutazama sisi. Mimi nilitokea Bukoba, nilizoea ziwa, kitu kinacholala chini kwa adabu. Sikuzoea kitu kilichosimama namna ile, kijani mpaka kinakaribia weusi, kikiwa na wingu mabegani asubuhi kama mtu aliyetoka kuoga na taulo, halafu saa za alasiri kinatoweka kizima kizima, ukabaki unajiuliza kama kweli kilikuwapo. Mchana tulikula pale pale, juu ya kadi: kisamvu cha karanga alichokileta Bi Sikudhani, na chai ya mdalasini. Baadhi ya kadi zilikwenda hewani zikiwa na doa la mchuzi, na ningelisoma nalo, kama kungekuwa na namna ya kusoma doa.

Kazi yangu ilikuwa kuzisafisha. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya Kiswahili, na niliamini nimetumwa na taifa. Nilirekebisha sarufi, niliondoa vijembe, nilifuta ugomvi wa mipaka ya mashamba uliojificha ndani ya salamu. Mwanasalamu maarufu kuliko wote aliitwa Mzee Ukungu, jina lake halisi Kibwana, wa kijiji kimoja juu ya Kinole. Kadi zake zilinukia karafuu, kwa kuwa alizituma ndani ya gunia la karafuu linaloteremka sokoni. Aliandika hivi: "Mimi Mzee Ukungu, nikiwa nimekalia jiwe langu, namsalimu mke wangu aliye hapa hapa jikoni, maana nikimwita haitiki." Mimi nilisoma hivi: "Mzee Ukungu anamsalimu mke wake mpenzi, popote pale alipo." Bi Sikudhani aliweka kijiko chini. "Koku mwanangu, umemwosha huyu mzee mpaka amepauka." Nilicheka. Nilidhani ananisifu usafi.

Kisha akaja meneja mpya kutoka Dar, Bwana Lema, kijana mwenye mashati ya mikono mifupi na tabia ya kukaa juu ya meza badala ya kiti. Alituita ukumbini. "Jamani," alisema, "kadi zimekufa." Bi Sikudhani akauliza kwa upole kama tuzisomee hitima. Watu walicheka, Lema naye akacheka, akaendelea. Simu za mkononi zimeanza kufika hata milimani. Kuanzia wiki ijayo msikilizaji atapiga simu studioni na kusalimu mwenyewe, kwa sauti yake, moja kwa moja. "Na akitukana?" niliuliza. "Utajua la kufanya, dada Koku. Si ndiyo kazi?" Akasema masika yakiisha ataangalia nani ameweza kubadilika na nani ameshindwa, na aliyeshindwa watamshukuru kwa utumishi wake. Alilisema neno kushukuru vizuri sana. Siku mbili tatu baadaye, nikiwa kwenye chumba cha kadi nazifunga kadi za mwisho kwa kamba, nilimsikia kupitia ukuta wa mbao akiongea na wakubwa wake. "Yule wa chuo kikuu? Anasoma vizuri sana," alisema. "Tatizo ni kwamba anasoma."

Ningependa kuandika kwamba maneno yale yaliniamsha. Yaliniudhi tu, na mtu aliyeudhiwa habadiliki, hujitetea. Bi Sikudhani, aliyekaribia umri wa mama yangu na aliyetangaza tangu zama za kanda kubwa za kuzungusha kwa mkono, aliichukua ile simu kama jirani aliyechungulia uani. "Haloo, nani huyo? Mama Shabani! Mbona sauti imekonda, umekula?" Kipindi chake kilijaa vicheko. Mimi nilicheza nyimbo ndefu. Simu ikilia nilitangaza kwa masikitiko kwamba laini imekatika, mpenzi msikilizaji, wakati sijainyanyua. Kadi ilikuwa mtu aliyekwisha sema na kunyamaza, na mimi nilikuwa na kalamu. Simu ilikuwa mtu ambaye hata yeye mwenyewe hajui atasema nini. Sasa nina umri unaofika pale alipokuwa Bi Sikudhani, na mhariri wangu, mtoto mwenye adabu, ananiomba nizisome makala zangu mbele ya simu ili watu wanione. Nimemwambia laini ni mbovu.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua. Nilikuwa hewani, na Lema alikuwa amesimama nyuma ya kioo pembeni ya fundi, hivyo ilibidi nipokee. Binti mmoja, sauti imekwaruzwa na kilio, alisema yeye ni binti wa Mzee Kibwana, yaani Mzee Ukungu, na kwamba baba yake amefariki alfajiri na maziko ni leo alasiri. Nilishtuka kweli. Nilimpa pole kwa sauti yangu ya msiba, ambayo nilikuwa nimeifanyia mazoezi, na nikaona Lema akiitikia kwa kichwa, ameridhika. Simu ikalia tena papo hapo. Mwanamke, akicheka. "Haloo! Amekufa kweli huyo mchoyo, au amejificha? Mwambieni asizikwe kwanza, ana jogoo wangu! Na kaburi lichimbwe fupi, yule alikuwa mfupi, tusipoteze nguvu…" Nilibonyeza kitufe. Akili ilikuwa inang'aa. Nikaiomba radhi familia ya marehemu kwa niaba ya kituo, nikamlaani mtu asiye na utu anayeweza kucheka mbele ya kifo, nikaweka kaswida. Lema aliingia studioni akinyoosha mkono. "Safi sana, dada Koku! Hivyo ndivyo!" Tulikuwa bado tumeshikana mikono, Mhaya na Mchaga, tukipongezana, Bi Sikudhani alipofungua mlango. Alikuwa ameweka kiganja mdomoni.

"Mmemkata mtani," alisema.

Nilijua utani, bila shaka. Nilikuwa nimeuandikia karatasi chuoni, na nilipata alama nzuri. Nilichokuwa sijui ni sauti yake. Bi Sikudhani alikaa, akatueleza kama watoto. Yule mwanamke ni Bi Mwajuma, wa ukoo ulio watani wa ukoo wa marehemu. Ana haki ya kusema lolote msibani, na zaidi ya haki, ana kazi: mtani ndiye anayewashika wafiwa wasizame. Siku ya mwisho ndiye anayeanua matanga, anawaambia wafiwa nyanyukeni, ogeni, rudini shambani. "Sasa amefungwa mdomo mbele ya mkoa mzima," alisema. "Na aliyemfunga ametumia jina la wafiwa." Lema akauliza kama hatuwezi kutuma tu salamu za rambirambi na mchele. Bi Sikudhani alimtazama kwa huruma.

Habari zilishuka na gari la ndizi. Mzee alizikwa, lakini matanga hayaanuliwi. Bi Mwajuma amegoma. Amesema hatamnyanyua mtu mkekani mpaka aletewe mkataji. Mjane na watoto wamekaa, karafuu zinaanguka shambani, na hakuna anayejua kwa hakika kama ni mzaha au si mzaha, kwa kuwa kwa watani swali hilo halina jibu. Na simu za upande wa mlimani zilikauka. Kinole kimya, Mkuyuni kimya. Kipindi kilichokuwa kimeanza kupumua kikawa mimi na nyimbo zangu ndefu. Lema hakupaza sauti. Alikaa juu ya meza yangu. "Panda," alisema. "Ijumaa ijayo nitasimama pale kwenye kioo. Simu ya yule mama isipolia, nafunga kipindi, dada yangu. Na wewe bila kipindi sina pa kukuweka."

Tulipanda mimi na Bi Sikudhani, gari la kituo likatuacha barabara ilipokwisha. Nilikuwa nimeutazama ule mlima kila siku nikila kisamvu, na nilidhani tunafahamiana. Hatukuwa tunafahamiana. Njia ilipita katikati ya migomba na mafenesi, kisha ikasimama wima kama ngazi, na kila tulipofika nilipodhani ni juu, palikuwa ni mwanzo wa kwingine. Maji yalikuwa kila mahali na hayaonekani popote, yanasikika tu chini ya majani, chini ya mawe, nadhani chini ya miguu yangu. Wanawake walishuka wakitupita na mikungu ya ndizi kichwani, hawashiki kitu, wanaongea. "Shikamooni, poleni na kupanda," walisema, na nikajua wananisema mimi, niliyekuwa nimekumbatia mti. Mahali fulani tulipita mdalasini uliotoka kubanduliwa, na harufu yake ilikuwa nene kiasi kwamba nilisimama kama niliyeitwa. Kisha wingu likashuka. Sijawahi kuingia ndani ya wingu kabla ya siku ile. Bi Sikudhani, aliyekuwa hatua chache mbele yangu, akawa sauti tu. "Njoo mwanangu, usiogope, ni maji tu." Nikafuata sauti. Sikuwa na kitu kingine cha kufuata.

Bi Mwajuma alikuwa amelala mkekani uani, amewapa wageni mgongo. Alikuwa mwembamba, mtu mzima, ana kilemba cha khanga. Tulipomwamkia hakugeuka. "Huyo ndiye mkataji?" aliuliza ukuta. Mtu akasema ndiye. Akageuka, akanipima. "Mfupi hivi? Redioni alikuwa mrefu." Watu waliinamisha vichwa kuficha meno. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, yameandikwa, yako kwenye mkoba. Nilipoingiza mkono akasema, "Acha huko. Kaa chini. Si hapo, hapo pa watu. Kaa pale pa kuku." Nikakaa pa kuku. Bi Sikudhani alinitazama kwa jicho la kuniambia nivumilie, kisha akaenda kukaa pa watu.

Bi Mwajuma aliingia ndani ya nyumba, na alipotoka hakuwa yeye. Alikuwa amevaa koti la marehemu, kofia ya marehemu, ameshika fimbo yake. Alitembea akivuta mguu wa kushoto, akafika kwenye jiwe lililokuwa ukingoni mwa uwanja, akaketi, akakohoa kikohozi ambacho niliona kikimpita kila mtu usoni. Halafu akafungua mdomo, na ikatoka sauti nzito, ya puani kidogo, inayokokota mwisho wa maneno kama watu wa huko juu, sauti iliyojaa ubishi na furaha. "Mimi Mzee Ukungu! Nikiwa nimekalia jiwe langu! Namsalimu mke wangu aliye hapa hapa jikoni, maana nikimwita haitiki!"

Nilijua maneno yale. Niliyafuta kwa mkono wangu. Nilikuwa nimemsoma mtu yule wiki baada ya wiki, nikadhani ninamjua, kumbe nilikuwa namsikiliza msichana wa chuo kikuu akijisomea mwenyewe. Hii ndiyo ilikuwa sauti yake. Ilibidi afe, na mtu mwingine avae koti lake, ndipo niisikie. Na kabla sijapata pumzi, kutoka jikoni, mahali palipojaa moshi na wanawake, mjane alijibu kwa sauti ya juu iliyovunjika katikati. "Abee! Leo naitika, baba Hadija! Leo naitika!"

Sijui nieleze vipi kilichofuata. Watu walicheka. Walicheka mpaka wakashika mbavu, na kicheko kikawa kilio bila kubadilisha sauti, kama mto unaoingia kwenye mto. Mjane alitoka jikoni akiwa ameshikwa huku na huku, analia, anacheka, na Bi Mwajuma ndani ya lile koti akamwambia, "Ulichelewa, mwanamke, chai imepoa." Hapo hapo wingu likafunguka. Halikuondoka, lilifunguka, kama pazia lililovutwa na mtu mmoja, na chini yetu ikaonekana nchi yote: migomba, mabonde, mto unaong'aa, na tambarare ya mbali sana yenye jua lake yenyewe. Wenyeji hawakugeuza hata shingo. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mavi ya kuku, mdomo wazi, nikiwa mdogo kuliko nilivyowahi kuwa tangu nizaliwe, na sikuona vibaya hata kidogo. Nimeingia katika makanisa makubwa tangu siku ile, na nimesikiliza kwaya zenye sifa. Bado napima kwa uwanja ule.

Alipovua koti, Bi Mwajuma alilikunja vizuri, akampa mjane, akawaambia wafiwa wanyanyuke wakaoge. Wakanyanyuka. Kisha akaja kusimama mbele yangu. "Mzee alikuwa akiandika kadi anapiga kelele, kijiji kizima tunamsikia," alisema. "Ijumaa tunakaa redioni tunasubiri. Unaanza kusoma, tunatazamana. Huyu anamsoma nani?" Nilisema, "Nisamehe, mama." "Mtani haombwi msamaha, mtani anatozwa." Nikauliza nitozwe nini. Alinionyesha mwamba ulioko juu ya kijiji, ambako simu hupata mtandao. "Nitapanda pale Ijumaa, au sitapanda. Magoti yangu ndiyo yataamua. Nikipiga, chochote utakachosikia, usikate. Na usinisaidie kusema."

Ijumaa niliingia studioni bila karatasi. Si kwa ushujaa. Nilikuwa nimeandika kurasa nne, na Bi Sikudhani alizichukua mlangoni akawashia jiko la chai ingawa lilikuwa jiko la mafuta. Lema alisimama kwenye kioo kama alivyoahidi, mikono mfukoni. Nilipokea simu ya fundi cherehani wa Kilakala aliyesalimu wateja wake wote isipokuwa mmoja. Nilipokea mtoto aliyetaka kuimba, akasahau. Nilicheka mara moja bila kupanga, na nikaona fundi mitambo akiinua macho. Lakini mlimani kimya. Nilitazama dirisha dogo la studio: hakukuwa na mlima, kulikuwa na wingu jeupe tupu. Nikamfikiria mama mtu mzima mwenye magoti mabaya, akipanda mwamba ulioloa, kwa ajili ya mtu aliyemkata. Nikaona hatapanda. Nikaona hata mimi nisingepanda. Lema alitazama saa ya ukutani, akaanza kuvaa uso wa kushukuru.

Simu ikalia. Niliinyanyua. Hapakuwa na salamu. Palikuwa na upepo, upepo mwingi, na ndani ya upepo mtu anayehema. Zamani ningesema laini imekatika, mpenzi msikilizaji. Mtangazaji anafundishwa kwamba kimya hewani ni dhambi kuliko matusi, na nilimwona fundi akinyoosha mkono kuelekea kwenye wimbo. Nikamtikisia kichwa. Tukasikiliza, mimi na mkoa mzima, upepo wa Uluguru na pumzi ya mwanamke mmoja, maji yakipita mahali fulani chini ya jiwe, jogoo wa mtu akiwika mbali. Sikusaidia kusema.

"Haloo," alisema hatimaye. "Huyo mfupi yupo?"

"Nipo, mama."

"Hujakata?"

"Sijakata."

"Haya," alisema Bi Mwajuma, na nikamsikia akikaa vizuri kwenye mwamba wake, kama mtu aliye na siku nzima mbele yake. "Kaa hapo hapo. Naanza."